Baritoni wa Kifaransa kwenye opera na opereta: Dens, Jansen au Bacquier?

Kinubi: Wakuu, salamu. Nataka kuwasikiliza baritoni (waimbaji wa kiume wenye sauti ya kati) wa Kifaransa waliomudu opera na opereta, yaani opera nyepesi yenye maongezi, kwa pamoja. Majina matatu yanatajwa sana: Michel Dens, Jacques Jansen na Gabriel Bacquier. Nianze na nani?

Mzee wa Santuri: Anza na Dens. Mzaliwa wa Roubaix, 1911. Mwaka 1947 akaingia jumba la opera la Opéra-Comique, Paris. Tafuta rekodi ya 1950 ya opera Carmen, kiongozi wa okestra akiwa André Cluytens; Escamillo, yule mpiganaji fahali, ni yeye. Wimbo wake ni mtego: beti zinashuka chini sana, halafu sauti inatakiwa ipande. Wengi hunguruma kule chini, wakifika juu wamechoka. Dens hangurumi. Silabi zote unazisikia, na kwenye kibwagizo pumzi bado anayo. Kisha msikilize kwenye opereta alizorekodi na kampuni ya Pathé. Hapunguzi juhudi hata kidogo kwa sababu muziki ni mwepesi, na hilo ndilo ninalompendea.

Bi Noti: Shikamoo Mzee. Dens namkubali, ila kwangu Jansen yuko mbele. Mwaka 1941, Paris ikiwa mikononi mwa Wajerumani, alirekodi opera ya Debussy, Pelléas et Mélisande, akiwa Pelléas na Irène Joachim akiwa Mélisande, kiongozi wa okestra akiwa Roger Désormière. Sauti yake ni ile Wafaransa wanayoiita baryton-Martin: baritoni nyepesi inayopanda hadi karibu na sauti ya tenor, ile ya juu ya kiume. Sikiliza tendo la nne, kule kisimani. Pelléas anapotamka kwamba anampenda Mélisande, okestra inanyamaza kabisa, na mwimbaji hana pa kujificha. Jansen anayasema yale maneno kama mtu anayezungumza. Ndiyo maana alimuweza Danilo wa opereta La Veuve joyeuse, akaimba nafasi hiyo miaka na miaka. Opereta inataka mtu atoke kwenye maongezi aingie kwenye wimbo usijue ameingia saa ngapi.

Mzee wa Santuri: Marahaba mwanangu. Hapo kwenye maongezi sikupingi.

Baharia77: Mbona Bacquier mmemruka? Huyu ni mwigizaji hasa, sauti nzito yenye rangi nyingi. Don Giovanni wake, kwenye opera ya Mozart katika tamasha la Aix-en-Provence mwaka 1960, ndio uliomfungulia milango ya nje. Kwa kazi za mtunzi Offenbach, chukua opera Hadithi za Hoffmann iliyoongozwa na Richard Bonynge, pamoja na Joan Sutherland na Plácido Domingo. Waovu wote wanne anawaimba yeye, kila mmoja na ubaya wake. Halafu opereta La Périchole iliyoongozwa na Michel Plasson, humo ni mwakilishi wa mfalme, mpenda wanawake.

Kinubi: Shukrani sana. Rekodi za zamani zinanisumbua kidogo masikio, ile ya 1941 itasikilizika kweli?

Bi Noti: Itasikilizika, ila mkwaruzo upo. Kama unakuchosha, tangulia na Bacquier, kisha Dens, Jansen aje mwisho. Usiweke tu nyimbo mojamoja. Weka kazi nzima, maneno yake yakiwa mbele yako.