Naomba ushauri: kufundisha hadithi za mustakabali za wenyeji asilia

Mwalimu wa Kisauni
Walimu wenzangu, assalaam aleikum. Muhula huu kidato cha tatu tunasoma hadithi za mustakabali zilizotungwa na wenyeji asilia wa Marekani na Kanada, mkondo ambao Grace Dillon, msomi wa Kianishinaabe, mojawapo ya jamii hizo, aliupa jina na kuutolea mkusanyiko mwaka 2012. Wanafunzi wangu wanazisoma kama ngano za watu waliokwisha kutoweka. Nilipowaambia watunge zao, mmoja alikieleza kivuko cha Likoni cha mwaka 2150 kikielea juu ya maji bila kuyagusa, na alikieleza vizuri hadi mlio wa king'ora chake; ila abiria wote walikuwa na majina ya Kizungu, wala hakuna aliyetamka neno moja la Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa. Niliumia. Nimekosea wapi?

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu, umeanzia mbali, basi. Tangulia na riwaya *Walenisi* ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, ambamo Dzombo anasafiri angani hadi nchi ambayo jina lake, ukilitamka polepole, ni «wale ni sisi». Mtunzi ni wa Pwani hii hii, na Dzombo ni jina la mlima ulioko Kwale. Watoto wakishamwona Dzombo angani, hawatawaona Waanishinaabe kuwa watu wa kale.

Mpenzi wa Riwaya, Likoni
Namuunga mkono mwalimu wetu, lakini usiziache za Kanada. Katika riwaya ya Cherie Dimaline ya mwaka 2017, watu waliopoteza uwezo wa kuota ndoto wanawawinda wenyeji kwa ajili ya uboho wao, na mahali wanapopelekwa panaitwa shule, kwa sababu Kanada kweli ilikuwa na shule za bweni ambamo watoto waliotengwa na wazazi walikatazwa lugha zao. Kwao kiama kimeshapita, na wanaosimulia ni walionusurika. Waambie wanafunzi wawaulize babu na bibi zao nani aliwahi kuvishwa kibao shingoni shuleni kwa kusema lugha ya mama.

Mwalimu wa Kisauni
Ahsanteni sana. Kuna binti anataka kuiweka hadithi yake ndani ya kaya, yaani msitu mtakatifu wa Mijikenda. Nimruhusu?

Mwalimu Mstaafu
Mruhusu, ila aende kwanza kwa wazee. Kaya za Mijikenda ziliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008, lakini zilikuwa na wenyewe kabla ya hapo, na mambo kama fingo, kago linalozikwa kuilinda kaya, hayaandikwi ovyo. Wakimwambia hapa usiingie, basi hadithi yake ikomee langoni.

Mwalimu wa Kisauni
Nitampeleka mwenyewe Jumamosi, inshallah.