Yule bwana wa koti la mifuko kaniaibisha mbele ya baba mkwe, leo sinyamazi

Mzee wa Sikonge (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Ugali umepoa mezani, sina hamu nao. Simtaji, hana haja ya kutajwa, Sikonge nzima inamjua na Tabora mjini wanamjua. Yule mwenye koti la kijani lenye mifuko mingi kama kabati la zahanati, koti halivuliwi hata msibani. Yule ambaye kila mnyama aliyewahi kufa kati ya Ugalla na Itigi, ni yeye kampiga.

Ngedere na nguruwe pori wamemaliza mahindi upande wetu. Afisa wanyamapori akaomba wenye silaha za leseni tufike ofisi ya kijiji atukague kabla ya kupanga ulinzi. Nikapeleka raifo yangu ya .22, bunduki ya risasi ndogo. Ilikuwa ya marehemu baba, imehamishiwa jina langu kihalali, karatasi zote zipo. Nikaiweka mezani chemba (inapokaa risasi) wazi, mdomo kuelekea ukutani. Afisa kaikagua, kaandika namba, katoka nje kupokea simu. Baba mkwe wangu yupo kwenye benchi, maana karanga zake nazo zimefukuliwa.

Ndipo yule bwana akaingia. Hakuomba. Kaichukua bunduki ya watu, kaigeuza, kaweka JICHO kwenye mdomo wa mtutu, kafumba lingine, kakaa kimya makusudi watu wasogee. Halafu kwa sauti ya mnadani:

"Humu buibui wameshazaa, na wajukuu wameanza shule."

Wakuu. Wajukuu wameanza shule. Mbele ya baba mkwe.

Kicheko kilifika Tutuo. Mbuzi waliokuwa wamefungwa nje walicheka. Baba mkwe akainama akajifanya anafunga kamba za viatu, na mzee wa watu alikuwa amevaa ndala!

Alichokiona mle ni MAFUTA. Masika hii ukiuacha mtutu mkavu unyevu unaingia na kutu inaanza, kwa hiyo unaupaka mafuta mepesi. Siku ya kwenda shambani unapitisha kitambaa kikavu mpaka kitoke safi. Na ufito wa kusafishia naupitishia upande wa chemba, siyo mdomoni, kwa sababu ufito ukilamba kingo za mdomo kila siku, risasi inatoka imeyumba na shabaha hairudi tena. Darubini naisawazisha kwa mita 50, na sisawazishi kwa risasi ya kwanza baada ya kusafisha, maana mtutu uliotoka kusafishwa huwa haujatulia. Mtu anayefanya yote hayo ndiyo analea buibui?

Hakuishia hapo. Akawageukia watu: "Kusanyeni maganda yenu ya risasi mniletee, nitayajaza upya wanavyofanya Marekani." Maganda ya .22! Ganda la .22 fataki yake, ile inayowasha baruti, imo ndani ya ukingo wa kitako. Pini ikishaugonga ukingo, ganda hilo ni takataka. Wanaojaza kule Marekani wanajaza ya fataki ya katikati, .223, .22-250, wanazopigia wanyama waharibifu kwa mbali. Wanang'oa fataki iliyotumika, wanalirudisha ganda kwenye kipimo chake, baruti wanaipima kwa greni, na ratili moja ina greni 7,000, kwa hiyo muone wenyewe huo upimaji ulivyo. Ukikosea unapasua bunduki usoni pako. Na hapa kwetu kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, hutengenezi risasi sebuleni bila leseni kwa kuwa umeangalia video.

Nikamuuliza hadharani: haya mtaalamu, ganda la fataki ya katikati lina tundu moja au mawili ya kupitishia moto wa fataki? Akajibu, "Inategemea." Basi! Akaondoka na koti lake, watu wakacheka TENA, na wakanicheka MIMI.

Wajukuu wameanza shule! Nawasilisha kwa uchungu.

---

Mtoto wa Isevya

Shule ya kutwa au ya bweni, mkuu?

---

Kinyonga wa Kaliua

Huyo bwana namjua, alikuja kwetu akaangalia mbwa wangu akasema huyu hafai, ana macho ya mwizi. Mbwa mpaka leo hajiamini. Ila hiyo ya ndala imenimaliza kabisa hahaha.

---

Mzee wa Sikonge

Mnacheka. Angekuwa baba mkwe wako ungecheka? Jumapili nina kikao cha familia na yule mzee. Nitaingiaje? Nitakaa wapi? Kila nikifumba macho naona jicho lile kwenye mdomo wa bunduki yangu.

---

Fundi Mstaafu

Mleta uzi pole, ila kwenye tundu yule bwana kasema kweli. Inategemea. Fataki ya Boxer ganda lina tundu moja katikati, ya Berdan yana mawili pembeni na kijifuawe (kijichuma ambacho fataki inagongewa juu yake) kimo kwenye ganda lenyewe. Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani, lakini Wamarekani wameng'ang'ania ya Mwingereza kwa sababu ganda la tundu moja ni rahisi kung'oa fataki na kulijaza tena.

---

Mtoto wa Isevya

Kumbe mtaalamu yupo sahihi 😂😂 mleta uzi kapigwa mara mbili.

---

Mzee wa Sikonge

Fundi, heshima yako. Swali lile lilikuwa la kumpima. Anayejua anasema Boxer moja, Berdan mawili. Yeye alisema "inategemea" bila kusema inategemea nini. Hata mganga wa kienyeji anasema inategemea! Na hoja siyo tundu. Hoja ni BUIBUI. Mbele ya mkwe.

---

Mama Karanga, Urambo

Nyie wanaume mnachekea buibui. Mtu kaweka jicho kwenye mdomo wa bunduki ndani ya ofisi yenye watu, hakuangalia hata chemba yeye mwenyewe, na hakuna aliyesema kitu? Watoto walikuwepo? Kesho watoto wataiga. Huyo ndiyo wa kupewa onyo, siyo wa kuchekewa.

---

Mzee wa Sikonge

Asante dada yangu. Mwenye akili mmoja kapatikana. Na alikaa na jicho pale muda mrefu, wakuu, muda mrefu mno.

---

Gobore Halali

Wenye .22 mnalia nini? Mimi nina gobore, leseni ninayo. Namwaga baruti, nashindilia, naweka goroli, nashindilia tena, naweka fataki. Nikiinua kichwa ngedere kamaliza muhindi, kajifuta mdomo, anaondoka polepole. Nikikosa hapo naanza upya na yeye anakaa kwenye mwembe ananisubiri. Hakuna aliyenifungulia uzi.

---

Muha wa Kasulu

Poleni watani zetu. Huku Kigoma wengi bunduki hatuna, tunalinda kwa debe, mbwa na makelele. Ngedere afadhali. Nyani dume akiona anayelinda ni mama au mtoto hahami, anakuangalia tu anaendelea kutafuna. Mke wangu kampigia debe mpaka debe likatoboka. Hilo ndilo tusi, siyo la buibui.

---

Kinyonga wa Kaliua

Hao nyani wa Kasulu wamezidi. Wamemdharau mke wa mtu mchana kweupe.

---

Jirani wa Ugalla

Ngedere, nyani, hivyo ni vitoto. Njooni muone tembo. Usiku mmoja shamba linakuwa uwanja wa mpira. Unaenda kuomba kifuta jasho, ile pesa ya serikali kwa aliyeliwa mazao, unakuta kanuni za 2011 zina mipaka yake, wanahesabu umbali wa shamba lako na hifadhi, na hata likiliwa shamba zima hawavuki ekari tano. Mimi nalima zaidi ya hizo. Hizo nyingine tembo kala kwa mkopo?

---

Mama Karanga, Urambo

Na ukiliwa na ngedere jasho lako halifutwi kabisa, maana hayumo kwenye wanyama wakali wanaolipiwa. Ngedere wangu wamekula karanga mpaka wamenenepa, wanashindwa kupanda miti.

---

Mzee wa Sikonge

Wakuu tusitoke nje ya mada. Nimesema BUIBUI. Nataka wazee wa humu waniambie, nimpeleke kwa mtendaji wa kijiji kwa kushika silaha ya mtu bila idhini, au nimwite aombe radhi mbele ya baba mkwe yule yule, kwenye benchi lile lile?

---

Mtoto wa Isevya

Kwanza tujue hao wajukuu wana vyeti vya kuzaliwa, wasije kukosa mtihani.

---

Tumbaku Tu

Nyie mna bahati mnaliwa na wanyama. Tumbaku ngedere hagusi, lakini siku ya soko mtu anashika jani langu, ananusa, ananiambia daraja la chini. Nimekata kuni, nimekausha, sijalala, yeye kanusa mara moja tu.

---

Fundi Mstaafu

Hapo umesema. Hicho kinusi ni zaidi ya buibui.

---

Mpunga wa Igunga

Naona mnalalamikia vitu vya miguu minne. Kwelea je, hawa vindege wala nafaka? Mmoja anakula kama gramu 10 tu kwa siku, unaweza kumuonea huruma. Wakija milioni moja ni tani 10 kwa siku, na wakija wanafunika jua. Hapo .22 utampiga nani? Gobore utamshindilia nani? Wanangu hawaendi shule, wapo bondeni na makopo toka alfajiri.

---

Gobore Halali

Igunga poleni sana. Mwaka ule nyavu zilisaidia au ziliongeza hasira?

---

Mpunga wa Igunga

Nyavu unafunika kitalu, hufuniki bonde. Mpaka ndege (eropleni) ya kunyunyizia sumu ije kwelea wakiwa wamelala kwenye matete. Mwenye taarifa aseme, ndege inakuja wiki hii au tuendelee na makopo?

---

Tumbaku Tu

Kwetu pia wameanza kuonekana kwenye uwele. Nami nasubiri jibu la ndege.