Koni nimeziona zote, wewe sikukuona: hizi reflekta tunazokatwa mshahara zinamlinda nani?

Wakuu, habari za saa hizi. Nimetoka zamu ya usiku, sijalala na nina hasira, kwa hiyo mkikuta herufi zimerukaruka mnivumilie.

Mimi ni mshika kibao. Ukiwa kwenye basi la usiku unamwona mtu kasimama katikati ya barabara na kibao, upande huu simama, upande huu nenda, na nyie abiria mnamtukana kwa kuwachelewesha. Ndiyo mimi. Tunaziba viraka barabara kuu ya kwenda Tunduma, usiku, maana mchana foleni ya malori haikubali. Kipande gani sisemi na kampuni siitaji, nina watoto wawili na ada ya muhula bado inanidai.

Kuamkia Alhamisi, kama saa nane usiku, semi lilinipita karibu hadi kioo chake cha pembeni kikapiga kibao nilichoshika kikaruka mtaroni. Mkono ulikufa ganzi mpaka kunakucha. Dereva akasimama mbele kidogo (wengi hukimbia, huyu nampa heshima yake), akarudi mbio anatetemeka kuliko mimi. Nilishajiandaa kumporomoshea matusi, akaniwahi: "Kaka, koni nimeziona zote tangu kule bondeni. Wewe sikukuona."

Nikanyamaza. Kwa sababu ni kweli.

Koni zetu ni mpya. Siku zilipoletwa mhandisi mshauri alikuja usiku, akawasha taa za gari, akazimulika moja baada ya nyingine, mbili akazikataa zikarudishwa. Kwa macho yangu nimeona. Vizibao vyetu, ndizo hizo reflekta, hakuna aliyevimulika hata siku moja. Vilitolewa kwenye kiroba, "chukua, saini hapa, next."

Usiku uleule nikavua cha kwangu nikakitundika juu ya koni, nikarudi nyuma hatua kama thelathini, nikawasha tochi ya simu nikaiweka ubavuni mwa jicho. Hapo kwenye jicho ndipo penye maana, ukiishikia kiunoni utajidanganya, kwa sababu utepe mzuri, ile mistari ya kuwaka iliyoshonewa kwenye kizibao, unarudisha mwanga kulekule ulikotoka, hautawanyi ovyo. Ndani yake mna vishanga vya kioo vidogo mno, au vijipembe vya plastiki, vinafanya kazi hiyo tu. Koni iliwaka nyeupe kama taa. Kizibao changu kilikuwa kijivu, tambara la kufutia meza. Ule utepe wake wa fedha unameremeta mchana kama karatasi ya biskuti, basi. Ni rangi ya fedha tu, hauna kioo wala nini. Jaribuni na za kwenu leo usiku mniambie.

Mtasema lakini rangi yenyewe inachoma macho. Inachoma mchana! Ile njano na ile chungwa kali zinakula miale ya jua tusiyoiona, urujuanimno, na kuitoa kama mwanga tunaouona, ndiyo maana alfajiri na jioni bado zinawaka wakati nguo nyingine zimeshafifia. Usiku taa za lori hazina miale hiyo ya kutosha. Rangi inalala. Kinachobaki kukuokoa ni utepe peke yake, na sisi kazi yetu yote ni usiku. Yaani tumenunuliwa mwavuli wa kiangazi.

Nikaenda kwa fundi cherehani jirani yangu, nikaazima futi. Utepe wa kizibao changu una upana wa sentimita mbili na nusu. Kiwango wanachotumia Ulaya, EN ISO 20471, kinataka usipungue sentimita 5. Kina madaraja matatu, na daraja la 2 linataka utepe wenye eneo la mita za mraba 0.13, ambalo kwa upana wa sentimita 5 ni urefu wa mita 2 na sentimita 60. Daraja la 3 ni 0.20, na hapo kizibao kitupu hakikubaliki, lazima mikono au suruali ndefu vihusike. Kizibao halisi kina lebo ndani: mchoro wa kizibao na namba ya daraja pembeni yake, na idadi ya kufua kabla hakijachoka. Changu kina lebo moja tu, XL.

Ndiyo, XL. Wote XL. Kuna dada mmoja tunashika naye kibao upande wa pili, mwembamba, chake kinamfika magotini. Anakikunja na kufunga fundo kiunoni kisinaswe na mitambo, na utepe wa mbele wote unamezwa ndani ya fundo. Alipoomba cha saizi ndogo stoo akaambiwa anenepe. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, sijivunii.

Sasa njooni kwenye hela. Tumekatwa shilingi 15,000 kila mmoja. Kizibao hichohicho cha wavu nimekikuta Kariakoo kwa 4,000, na huyo muuzaji naye kapata faida yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri jukumu la vifaa vya kujikinga. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 155 wa mwaka 1981, ibara ya 21, unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mshahara kukatwa ovyo bila sheria kuruhusu au wewe kukubali kwa maandishi kwamba ni deni. Na hapo kwenye maandishi ndipo walipotushika. Ile "saini hapa" ya kwenye kiroba ilikuwa hiyo. Nani anasoma karatasi saa moja jioni gari la saiti linapiga honi?

Kingine kinachonichefua ni hizi rangi za vyeo. Vibarua chungwa, wageni kijani, masupavaiza buluu ya giza. Buluu ya giza, usiku, barabarani! Supavaiza wetu ana kizibao kizito kizuri, mifuko minne, sehemu ya kalamu, utepe mpana wa kweli, ila kitambaa chenyewe hata mchana kwenye kivuli cha greda humwoni. Anakipenda maana kinamtofautisha na sisi. Siku atakayogongwa atakuwa ametofautishwa vizuri. Na mgongoni nembo ya kampuni imechapwa kubwa juu ya utepe wenyewe, nusu ya kinachotakiwa kuwaka imefunikwa na tangazo.

Msije na lile la "nyie wenyewe mnavaa vibaya." Tunavaa vibaya, nakiri. Joto likizidi tunaviacha wazi, mbele panakuwa shati jeusi tu. Mvua ikinyesha tunavaa koti la mvua juu ya kizibao, hivyo kizibao kinakuwa fulana ya ndani. Lakini koti la mvua lenye utepe wake halijaletwa. Lami ikishachafua utepe hauwaki hata ukiwa mzuri, na tuna kimoja kimoja, ukikifua asubuhi jioni unakivaa kibichi. Afisa usalama anajua yote haya. Kila jioni anatupanga mstari dakika kumi, "usalama kwanza," anapiga picha, anatuma kwenye kundi la WhatsApp la mabosi. Kwenye picha, kwa flashi ya simu, hata wavu wa Kariakoo unajitahidi kidogo. Labda ndicho kilichonunuliwa kile, kizibao cha kupigia picha.

Lori likiwa kwenye 80 linameza mita 22 kila sekunde. Dereva akikuona sekunde mbili kabla ya kukufikia, umebakiwa na mita 44, na hapo mguu bado haujagusa breki. Taa za chini za lori hupiga miguuni kabla ya kifua, ndiyo maana kwa kazi ya usiku wenzetu huvaa suruali yenye utepe chini ya magoti, dereva anaona kitu kinachotembea, anajua ni mtu na siyo nguzo. Suruali hizo sisi tunaziona kwenye bango la usalama lililobandikwa pale kontena la ofisi. Yule jamaa wa kwenye bango amevaa vizuri sana.

NYONGEZA, jioni: Nimesoma maoni. Aliyesema "acha kazi," mkuu, asante, nitumie ya kwako. Aliyesema nipeleke OSHA, wale wakala wa serikali wa usalama kazini, ndiyo ninachokiandaa, nimepiga picha kizibao kikiwa juu ya koni, usiku, na futi juu yake. Wa bodaboda aliyeuliza achague rangi gani: porini kwenye majani kama huko kwenu chungwa inajitenga vizuri kuliko kijani cha njano, lakini angalia utepe kwanza, na usinunue dukani mchana bila kutoa tochi. Muuzaji akikukatalia kumulika, umeshapata jibu.

MREJESHO, Jumanne: Kuna koni ilipondwa na tipa wiki iliyopita, ilitupwa kwenye rundo la takataka pale saiti. Nikakata ile mikanda yake miwili inayowaka, nikampelekea fundi akanishonea kifuani na mgongoni. Ni migumu, inakwaruza shingo, ila usiku wa Jumapili malori yalianza kupunguza mwendo mbali sana, mpaka yule dada akaniuliza nimefanyaje. Jana asubuhi nimepewa barua ya onyo. Kosa la kwanza, kubadilisha sare bila idhini. Kosa la pili, kuharibu mali ya kampuni, koni moja, na bei yake nitakatwa mwisho wa mwezi.