Nilisikia mashua ikiita redioni kwenye megahezi 14.300 nikabaki kimya. Naomba ushauri

Sikio la Jioni
Wakuu, habari za humu.

Leseni yangu ya redio ya ridhaa (ile ya kujifurahisha, si ya biashara) haijafikisha miaka miwili. Nina redio ya wati 100, na antena yangu ni waya tu niliouning'iniza nyuma ya nyumba. Jioni nyingi huwa niko kwenye megahezi 14.300 nawasikiliza wale wanaojitolea kuhudumia mashua za tanga. Wanaita orodha, kila nahodha anasema alipo, anakoelekea, mwendo, upepo, mawimbi, baromita inasomaje. Naipenda hadi mke wangu analalamika.

Juzi, kikao kinaelekea mwisho, ikaingia sauti nyembamba, kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Mimi nilimpata vizuri tu: injini imezima, maji yanaingia taratibu, pampu inamudu kwa sasa, wako wawili. Akataja na mahali alipo. Msimamizi wa kikao hakumsikia kabisa, akaendelea kuita kituo kingine. Mkono ulikuwa kwenye maikrofoni, lakini niliogopa kudandia kikao cha watu. Zikapita kama dakika nne ndipo kituo kingine kikampokelea. Iliisha salama, ila hizo dakika nne zinanisumbua.

Je, ningeingia? Nikitaka kujitolea naanzia wapi? Na kazi hii bado ina maana siku hizi za setilaiti?

Tanga Mbili
Ungeingia, mkuu, bila hata kuomba radhi. Unasubiri upenyo kati ya mazungumzo, unasema "rilei", yaani una ujumbe wa kumpokezea mwingine, na mwito wako (jina la kituo chako hewani), unanyamaza. Msimamizi yeyote anayejua kazi atasimamisha kila kitu akupe nafasi.

Na usidhani wewe mwenye waya huna lolote mbele ya wenye minara. Mawimbi ya megahezi 14 yanapanda, yanapinda kwenye ionosfia, tabaka la juu la angahewa, na kushuka mbali, mara nyingi mamia au maelfu ya kilomita. Katikati hapo kuna eneo yanaloliruka juu kwa juu. Msimamizi akiwa ndani ya eneo hilo, hata antena yake ingekuwa na ukubwa gani, haambulii kitu. Wewe ulikuwa pale yanapotua. Ndiyo maana kikao kinahitaji masikio yaliyotawanyika, si redio moja kubwa.

Mbishi wa Kudumu
Mimi nitasema ukweli: mtu anayetegemea redio za ridhaa kuokolewa anajitafutia balaa. Kuna EPIRB, kifaa cha dharura kinachopiga kelele kwa setilaiti kwenye megahezi 406, kuna chaneli 16 ya VHF, redio ya baharini ya masafa mafupi, kuna simu ya setilaiti. Nyie mnacheza.

Tanga Mbili
@Mbishi hapo kwenye EPIRB sikupingi. Mashua ikizama, hicho ndicho cha kwanza kuwashwa, na VHF ni ya aliye karibu. Lakini VHF inakwenda mbali kidogo tu kuliko macho yanavyoona. Katikati ya bahari utampata samaki.

Nimeshasafiri na simu ya setilaiti iliyolowa chumvi siku ya tatu. Redio ikabaki. Halafu simu inasikika kwa uliyempigia tu, redio inasikika kwa kila aliyeiwasha. Na sehemu kubwa ya kazi hii si kuzama: ni utabiri wa hewa, barua pepe kwa Winlink (mfumo wa kuzituma kwa redio), mtu ana jipu anataka kuongea na daktari. Au ni mashua iliyoitwa kwenye orodha leo haikuitika, na kesho tena kimya. Hapo kuna mtu anaanza kuuliza.

Daftari
Nilisubiri mtu aulize hili halijaulizwa. Ndugu mleta uzi, mahali alipo uliandikaje? Nakili kama lilivyo.

Sikio la Jioni
Niliandika "14.30 kusini", halafu longitudo kwa mtindo huohuo.

Daftari
Sawa. Hiyo ni digrii 14 na dakika 30, au ni digrii 14 nukta 30? Maana 14 nukta 30 ni digrii 14 na dakika 18. Tofauti ni dakika 12, na kila dakika ya latitudo ni maili moja ya baharini. Kwa hiyo maili 12, karibu kilomita 22. Helikopta inazunguka mahali hakuna mtu, na longitudo bado sijaigusa.

Wengi wanaokuja kujitolea wanaulizia antena. Mimi nawaambia walete kalamu ya risasi. Andika alivyotamka, neno kwa neno, msomee tarakimu mojamoja, akubali ndipo upeleke. Usimtengenezee sentensi. Akisema "maji yanaingia" usipeleke "anazama". Muda andika kwa UTC, saa moja inayotumika dunia nzima, maana ukiandika saa nane hakuna atakayejua ni nane ipi.

Halafu tafuta leo namba ya simu ya kituo cha kuratibu uokoaji, ibandike ukutani. Usiku wa tukio si wakati wa kuanza kuitafuta. Ukishapiga, usiondoke kwenye masafa.

Kujiunga ni rahisi kuliko unavyodhani: jitambulishe kwa mwito wako kila kikao, sema uko tayari kwa rilei. Baada ya wiki kadhaa watakuita wenyewe.

Mbishi wa Kudumu
Hiyo ya nukta sikuwa nimeifikiria. Nakubali nusu.

Wati Tano
Naongezea kidogo. Kanuni za kimataifa za redio zinamruhusu aliye hatarini kutumia njia yoyote aliyonayo kuomba msaada. Akikuita na hana leseni, mpokee, usimwulize karatasi. Lakini kwa mazungumzo ya kawaida anatakiwa awe nayo, na mambo ya biashara hayapiti kwenye masafa yetu.

Sikio la Jioni
Asanteni wakuu. Namba nimeshaibandika.

@Daftari, nimerudi kulitazama daftari. Baada ya 14.30 kuna herufi nilizoandika haraka, zinasomeka "dk" au labda "ok". Nimezitazama tangu asubuhi.

Daftari
Ndiyo maana tunawasomea.