Naomba ushauri: nywele za pembeni zinaisha

Wakuu, habari za leo. Niko Tabata, nywele zangu ni za asili, na pembeni ya paji la uso zinazidi kupungua. Msusi wangu anasema nikate ncha ili ziote haraka. Ninavyojua unywele hukua kutokea kwenye mzizi, kama sentimita 1 kwa mwezi, ncha haihusiki. Ninachoshuku mimi ni rasta za kubana, zile unazolala umemeza dawa ya maumivu. Shangazi naye kaniletea maji ya kitunguu; harufu ile ndani ya daladala, na joto hili la Dar! Mlioacha kusuka, pembeni zilirudi? Au niwahi kwa daktari wa ngozi kabla mizizi haijafa kabisa?