Wazee wanakwama wapi kwenye usajili wa SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii, bima ya afya ya Kenya) kwa simu?

Mapokezi_Zahanati: Wadau, wazee wengi wanaanza *147# na kuishia katikati. Foleni inajaa. Tuanzie wapi?

Mama_Kliniki: Anzeni na laini. OTP, yaani msimbo wa kuthibitisha unaotumwa kwa ujumbe, huenda kwenye namba iliyoandikishwa, na mara nyingi ni ya mwanawe aliye Nairobi. Mzee yuko dirishani, msimbo unalia mfukoni mwa mtu mwingine, muda unaisha. Muulizeni, "Mzee, laini hii ni yako?" kabla ya kubonyeza chochote. Kama si yake, mpigieni kwanza mwenye laini akae na simu mkononi. Na OTP isisomewe mtu asiyejulikana, hata akijiita afisa.

Fundi_Kabambe: Tena menyu ya USSD, hiyo ya *147#, haingoji mtu. Akianza kupekua kitambaa akitafuta kitambulisho, inakatika. Andikeni namba ya kitambulisho kwa tarakimu kubwa kwenye karatasi, ndipo mpige. Kabambe, simu ndogo ya vibonyezo, inatosha; bando haihitajiki.

Afya_Jamii: Wengi hudhani kujisajili ni kulipa. Kwa zahanati, usajili unatosha kupata huduma za msingi. Kulazwa hospitalini ni hadithi nyingine: asiye na mshahara afanye tathmini ya uwezo, kisha alipe mchango wa mwaka, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Asipoelezwa mapema, atakataliwa wodini na kijiji kizima kitasikia kwamba ni utapeli.

Mapokezi_Zahanati: Karatasi ya tarakimu inabandikwa kesho. Na mwenye mwana asiyeshika simu?

Mama_Kliniki: Abadilishiwe namba kwanza, OTP baadaye.