Ndege ya kujijengea nyumbani Uganda: CH 701, Pietenpol au Long-EZ?

Mjenzi wa Entebbe
Habari zenu nyote. Baada ya miaka minne ya kuweka akiba, nimefika mahali pa kuchagua ndege ya viti viwili nitakayoijenga kwa mikono yangu. Nimebaki na tatu. Zenith CH 701 ya Chris Heintz ni ya bati la alumini lililoungwa kwa ribiti, yaani vipini vya chuma vya kubania mabati. Pietenpol Air Camper ni ya mbao na kitambaa, nayo iliruka mara ya kwanza mwaka 1929 kwa injini ya gari la Ford Model A. Long-EZ ya Burt Rutan ni ya povu gumu na faibaglasi, na kwa mwendo inazishinda hizo mbili kwa mbali. Mfuko unaitaka Pietenpol, macho yanaitaka Long-EZ. Nitarukia kiwanja cha nyasi cha mita 500, na mara nyingi mke wangu atakuwamo. Ninyi mngechukua ipi?

Fundi Mitumbwi, Jinja
Ndugu Mjenzi, mimi ni mtu wa mbao, lakini Pietenpol siipigii debe haraka. Michoro yake inataka sprusi, mbao nyepesi ya nchi za baridi, ambayo huku kwetu huioni dukani. Mvule tunaoutumia ziwani ni imara, ila uzito wake unakaribia mara moja na nusu ya sprusi, na katika ndege kila kilo ina deni lake.

Jambo la pili ni gundi. Kila unapokoroga gundi mpya, unganisha pia vipande viwili vya masalio, uviache vikauke, kisha uvibane kwenye jiliwa na kuvipiga nyundo mpaka vivunjike. Mbao ikichanika, nyuzi zake zikabaki zimeng'ang'ania pande zote mbili, gundi ni nzuri. Kiungo kikiachia kikiwa laini kama kilicholambwa, usikiamini chochote ulichounga siku hiyo. Msimu mmoja wa mvua nilibomoa kazi ya siku mbili kwa sababu hiyo, na ule ulikuwa mtumbwi tu, ambao ukivuja unapiga makasia hadi ufukweni. Habari za mchwa sikuelezi, unawajua.

Rubani Mstaafu
Wanangu, mnaanza na mbao na bati ilhali jambo la kwanza ni hewa. Entebbe iko mita 1,155 juu ya usawa wa bahari. Mchana joto likifika nyuzi 28, hewa huwa nyepesi kana kwamba uko karibu mita 1,900, na injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban sehemu moja kati ya tano ya nguvu zake. Ile Ford ya nguvu za farasi 40 itabakiwa na kama 32, nawe unataka kumpakia mkeo! Wapo wanaoifunga Pietenpol injini kubwa zaidi, lakini hapo ule unafuu wa mfuko umekwisha. Injini ya Rotax 912 ya farasi 80 itakubakishia kama 64, na kwa CH 701, ambayo bawa lake lilichorwa makusudi kwa viwanja vifupi, hizo zinatosha.

Long-EZ iache. Inatua kwa kasi, magurudumu yake ni madogo, na rafadha iko nyuma, kwa hiyo kokoto linalorushwa na gurudumu huishia kwenye rafadha.

Dada Ribiti, Mbarara
Shikamoo mzee. Kuhusu Long-EZ sina ubishi, ila CH 701 nayo isisifiwe kupita kiasi. Bawa lake nene, lenye bapa la bati lisilosogea kwenye ukingo wa mbele, ndilo linaloipaisha upesi, na ndilo hilo hilo linaloikokota angani: safari zake ni za kilomita 130 hivi kwa saa, kwa hiyo Entebbe hadi Kasese ni mwendo wa saa mbili, upepo ukiwa mpole. Tena piga hesabu ya mizigo. Uzito wa juu unaoruhusiwa ni kilo 500, na ikiwa tupu ina kama 260. Toa watu wawili wa kilo 80 kila mmoja, toa petroli lita 76 ambazo ni kilo 55, unabakiwa na kilo 25. Mkungu mmoja wa matoke, basi.

Injini ya farasi 80 hukubali petroli ya okteni 90. Ya farasi 100 hudai 95, kwa hiyo uliza kituo chako kinauza ipi kabla ya kuagiza. Na kabla ya kununua hata ribiti moja, peleka michoro kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, uambiwe watataka kukagua nini kabla hujafunika bawa.

Mjenzi wa Entebbe
Nawashukuru sana. Mzee, hesabu ya farasi 32 nimemsomea mke wangu, naye amesema Pietenpol nitapanda peke yangu. Nachukua CH 701 yenye Rotax ya farasi 80, nami nitaanza na usukani wa mkia, ili nikiharibu niharibu kitu kidogo. Dada Ribiti, unapotoboa mabati mawili kwa pamoja, huwa unayatenganisha kila mara kusafisha chembe na kingo za matundu, au unasubiri umalize mstari mzima?

Dada Ribiti, Mbarara
Namaliza mstari mzima kwanza, huku mabati yakishikwa na vibanio vya muda ili matundu yasihame. Kisha natenganisha, nasafisha pande zote mbili, narudisha, ndipo napiga ribiti. Ukiacha chembe katikati, bati halikai, na utaliona limevimba jua likilipiga kwa ubavu.